Madaktari wa kujitolea na migongo ya maskini: tuangalie kinachobaki ndege ikishaondoka

Mtu wa Fizio (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda tunaletewa taarifa humu: mabingwa kutoka Marekani, Hispania au India wametua nchi fulani ya Afrika, wamepasua wagonjwa wa uti wa mgongo bila malipo, wameagwa kwa shangwe, wameondoka. Na kila mara jamvi linagawanyika. Wengine wanawaombea baraka, wengine wanasema wanakuja kujifunzia kwetu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, wagonjwa wa mgongo ndio kazi yangu ya kila siku, na ninaamini pande zote mbili zinaangalia pasipo. Kambi ya upasuaji wa mgongo ipimwe kwa inachoacha nyuma. Idadi ya waliopasuliwa haituambii kitu mpaka tujue nani anawaangalia mwaka unaofuata.

Mgongo si mtoto wa jicho. Kambi ya macho daktari anapasua watu wengi kwa siku moja, kesho yake bandeji inatolewa, bibi anaona wajukuu wake, basi. Mgongo uliopinda sana unachukua saa sita, nane, wakati mwingine zaidi. Damu inamwagika nyingi, skrubu za kushikilia vyuma vya kunyooshea mgongo zinapita milimita chache kutoka kwenye mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, halafu mgonjwa anahitaji chumba cha mahututi, manesi waliozoea, na mazoezi ya miezi. Kosa dogo na aliyeingia anatembea anatoka kwenye kiti cha magurudumu.

Sasa nije kwenye mfano wa Ghana, maana ndio ulionifunza zaidi.

Dk. Oheneba Boachie-Adjei ni mzaliwa wa Kumasi. Alikwenda Marekani miaka ya 1970 akiwa kijana, akasoma udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, akaja kuwa bingwa wa migongo iliyopinda kwenye hospitali maarufu ya mifupa ya New York, Hospital for Special Surgery. Amewahi kuwa rais wa Scoliosis Research Society, chama cha kimataifa cha mabingwa wa migongo ya aina hiyo. Mwaka 1998 alianzisha taasisi inayoitwa FOCOS, akawa anakusanya wenzake, madaktari wa upasuaji, wa usingizi na manesi, wanajitolea muda wao na kwenda Ghana kupasua. Mpaka hapo ilikuwa kambi kama kambi nyingine.

Tofauti ni kwamba hakuridhika nayo. Mwaka 2012 FOCOS ilifungua hospitali yake yenyewe Pantang, pembeni mwa Accra, yenye vitanda 50, na mwenyewe akarudi nyumbani kuifanyia kazi. Waliojitolea wanaendelea kuja, lakini sasa wanakuta hospitali yenye wafanyakazi wake, Waghana, ambao wageni wakiondoka kesho asubuhi wanaingia zamu kama kawaida. Wenye uwezo wanalipa, wasio nao wanachangiwa na wafadhili. Wagonjwa wanatoka hata nje ya Ghana, Ethiopia na Sierra Leone wakiwemo.

Ngoja nieleze kitu kimoja kinachofanyika pale, kwa sababu ukikielewa hiki utaelewa kwa nini wiki mbili za wageni hazitoshi.

Daktari anapima mpindo wa mgongo kwa nyuzi kwenye eksirei. Kuanzia nyuzi 10 unaitwa skoliosisi. Ukifika kama nyuzi 45 au 50 ndipo watu huanza kuzungumza upasuaji. Huko Ulaya mtoto huonwa akiwa kwenye hatua hizo. Wanaofika Accra wengi wamepita nyuzi 100. Mbavu zimekunjwa upande mmoja, pafu limebanwa, mtoto akipanda ngazi chache anahema. Mgongo wa namna hiyo huwezi kuunyoosha siku moja mezani, utavuta mishipa ya fahamu na miguu ipooze. Kwa hiyo wanaunyoosha polepole kabla ya kisu. Mtoto anafungwa pete ya chuma kichwani, inashikwa na misumari midogo inayouma kwenye mfupa wa fuvu, na pete inaning'inizwa kwa kamba na kapi, upande wa pili uzito. Wanaanza na uzito mdogo, wanaongeza kidogo kidogo hadi karibu nusu ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 30 anaweza kuanza na kilo 3 na kuishia na 15. Na haimaanishi amelala tu. Kuna fremu ya kutembelea na kiti cha magurudumu vyenye mlingoti, anakwenda kula, anacheza, anasoma, kichwa kimevutwa juu muda wote. Kila siku misumari inasafishwa isipate usaha. Kila siku mtu anamwambia angalia kushoto, angalia kulia, toa ulimi, kaza vidole, kujua kama kuna mshipa unaolalamika. Hali hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa wengi miezi. Katika wiki hizo mtoto analishwa vizuri na mapafu yanafanyishwa mazoezi, ili siku ya upasuaji awe na nguvu.

Niambieni, timu iliyokuja kwa likizo ya wiki mbili itafanyaje hilo? Haiwezi. Itachagua wenye mipindo myepesi na kuwaacha waliozidiwa, au itawapasua waliozidiwa bila maandalizi. Yote mawili yanamwumiza maskini.

Kazi hiyo ya Accra ina kiungo kingine, Addis Ababa. Dk. Rick Hodes, Mmarekani, alifika Ethiopia mara ya kwanza wakati wa njaa ya miaka ya 1980, akarudi tena baadaye na kubaki. Yeye si mpasuaji, ni daktari wa magonjwa ya ndani, anafanya kazi na shirika la misaada la Kiyahudi la JDC. Aliasili watoto watano wa Kiethiopia, na wawili kati yao walikuwa na vibiongo vya TB ya uti wa mgongo. Aliwachukua kuwa wanawe ili bima yake iwalipie upasuaji Marekani. Watu wakaanza kumletea watoto wenye migongo, na tangu 2006 amekuwa akiwapeleka Ghana kwa Boachie. Angalieni kazi ilivyogawanyika. Anayechagua mgonjwa, kumpima moyo na mapafu, kumtibu TB, na kumwona miaka mitano baada ya upasuaji, yuko Addis na amekaa. Anayepasua yuko Accra na amekaa.

Nitaendelea na ya huku kwetu, lakini kwanza nawasikiliza.

---

Pwani ya Kusini:

Mkuu shikamoo kama umenizidi. Hoja nimeielewa ila mahali fulani naipinga. Wewe unazungumzia mfumo, mimi ni mzazi nazungumzia mtoto. Mwanangu mgongo umepinda, nimeuza shamba, hospitali wananiambia vyuma ni mamilioni. Akitokea Mzungu wa wiki mbili akasema bure, nimwambie asubiri mpaka nchi ijenge mfumo? Mtoto anakua kila siku na mpindo unakua naye. Maskini hana nafasi ya kuchagua aina ya msaada.

Mtu wa Fizio:

Marahaba kama nimekuzidi, ndugu yangu, na pole kwa hilo la mtoto kama ni lako kweli.

Sitakuambia ukatae. Nitakuambia uulize, na una haki ya kuuliza hata kama hulipi senti. Daktari gani wa hapa hapa atasimama mezani pamoja nao, na ndiye atakayemwona mwanangu baada ya mwezi? Akivimba au akitoa usaha nimpeleke wapi na nani atalipa? Vyuma vikivunjika nani atavitoa? Ripoti ya upasuaji nitapewa nakala? Wakikujibu hayo bila kusitasita, mpeleke. Wakikuambia usiwe na wasiwasi, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Hilo la mtoto anayekua umeligusa vizuri sana. Kwa watoto wadogo kuna vyuma vinavyorefushwa kadiri wanavyokua, na vile vya kawaida hurefushwa kwa upasuaji mdogo takribani kila miezi sita. Timu inayoweka vyuma hivyo na kuondoka bila kumwachia mtu kazi imemfungia mtoto mgongo wa umri wa miaka saba.

---

Nesi Wodi ya Mifupa:

Habari za jioni wote. Nimesoma nikasema leo lazima nichangie.

Hospitali sitaitaja, na timu sitaitaja. Walikuja watu wazuri sana, wanafanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku, walitupa hata magauni na glovu zao. Walipasua, wakaondoka Ijumaa. Sisi tukabaki na wodi. Mgonjwa wa mgongo hageuzwi kama mgonjwa wa tumbo. Kichwa, mabega, nyonga na miguu vinakwenda pamoja kwa hesabu moja, wanahitajika watu watatu au wanne, na anageuzwa kila baada ya saa mbili, hata saa nane usiku, la sivyo anapata vidonda vya mgandamizo kwenye kitako na visigino. Zamu ya usiku tulikuwa wawili kwa wodi nzima. Tukawa tunaita ndugu wa wagonjwa, tunawafundisha, tunageuza nao. Hakuna aliyekuwa ametuuliza kabla kama tunaweza.

Miezi baadaye mmoja akarudi na usaha. Daktari wetu akamfungua, akataka kutoa skrubu, bisibisi tuliyonayo haikuingia kwenye vichwa vya zile skrubu. Kila kampuni ina zake. Vyuma vya msaada vilitoka mahali, bisibisi ikarudi na wageni. Ripoti haikuwepo kwenye faili, ilikuwa kwenye kompyuta ya daktari aliyeondoka. Daktari wetu alisafisha akafunga, tukaandika barua pepe, tukasubiri chombo kitumwe. Mama wa mgonjwa akawa ananiuliza kila asubuhi, "Nesi, kimefika?"

Kwa hiyo mleta uzi, kwenye maswali yako ongeza la bisibisi. Watu wataona dogo. Si dogo.

Mtu wa Fizio:

Dada, ahsante sana. Umesema kitu ambacho wanaoandika ripoti za mafanikio hawakiandiki. Naongeza la bisibisi, na naongeza la watu wa zamu ya usiku.

---

Msomi wa Kampala:

Wakuu, mimi Mtanzania nasoma Uganda, nilete ya huku. Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilianza ushirikiano na Mulago, hospitali kubwa ya serikali hapa Kampala, mwaka 2007, akiongoza Dk. Michael Haglund. Walileta vifaa kwa tani na timu za kupasua, lakini kilichobaki ni mafunzo: Waganda wanafundishwa upasuaji wa ubongo na mgongo hapa hapa. Pia kuna Dk. Isador Lieberman wa Texas, amekuwa akileta timu za mgongo Uganda tangu katikati ya miaka ya 2000, Mulago na Mbarara. Kinachonivutia kwake ni kurudi. Mtu anayerudi mahali pale pale mwaka hadi mwaka anakutana na wagonjwa wake wa zamani, wazuri na walioharibika, na anawajibika kwa macho yao. Anayebadilisha nchi kila mwaka hawaoni kamwe.

Mtu wa Fizio:

Umenirahisishia kazi, mdogo wangu. Basi nimalizie ya Tanzania.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya 1996. Tangu 2008 timu ya chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York chini ya Dk. Roger Härtl inashirikiana nayo. Wanakuja, lakini kinachonigusa ni kozi ya kila mwaka Dar es Salaam inayokusanya madaktari na manesi wa ukanda huu kujifunza majeraha ya kichwa na mgongo, kisha madaktari wetu kwenda kujifunza kwao na kurudi. Zanzibar kuna kituo cha upasuaji cha NED, taasisi ya hisani ya Hispania, pale hospitali ya Mnazi Mmoja, kilifunguliwa 2014. Kilitokana na Dk. José Piquer wa Valencia, Hispania, na wenzake waliokuwa wanakuja kwa kambi. Watoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi ambao zamani familia ililazimika kuvuka bahari nao kuja Dar, sasa wanapasuliwa Unguja. Na ukienda nyuma, 2006 pale hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, Dk. Dilan Ellegala alikuta hakuna mpasuaji wa ubongo, akamfundisha tabibu wa hapo upasuaji wa msingi wa kichwa, naye akamfundisha mwingine. Huyo alikuja kwa muda, lakini aliacha mikono.

Tunahitaji mikono hiyo kuliko tunavyokubali. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2015 ilikadiria watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wanaoweza kuumudu, na kwamba upungufu ni operesheni milioni 143 kila mwaka. Hakuna idadi ya ndege za kujitolea itakayofuta namba hiyo. COSECSA, chuo cha wapasuaji cha ukanda wetu kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, kinasomesha wapasuaji ndani ya hospitali za nchi zetu wenyewe, na kwa maoni yangu mfadhili mwenye dola zake angeanzia hapo.

Na kumbukeni 2020. Korona ilipofunga viwanja vya ndege, kambi zilisimama kila mahali. Mabodaboda hawakuacha kuanguka, wachimbaji na wakwea minazi hawakuacha kuvunjika migongo. Palipokuwa na daktari wa hapo hapo aliyefundishwa, walipasuliwa.

---

Pwani ya Kusini:

Mkuu nimekuelewa zaidi. Swali moja. Wageni wakipasua, lugha inakuwaje? Maana umesema mishipa ya miguu iko hatarini, wanajuaje kama miguu bado inafanya kazi na mtu amepigwa nusu kaputi?

Mtu wa Fizio:

Swali zuri mno. Siku hizi kuna mashine inayotuma umeme mdogo na kusoma kama ujumbe unafika miguuni. Lakini mashine isipokuwepo, au ikileta wasiwasi, kuna kipimo cha tangu miaka ya 1970: mtaalamu wa usingizi anapunguza dawa, mgonjwa anarudi kidogo akiwa bado amelala kifudifudi mezani na mgongo wazi, anaambiwa chezesha vidole vya miguu. Akichezesha, analazwa tena, kazi inaendelea. Wengi hawakumbuki, na maumivu hayasikiki sana kwa sababu dawa ya maumivu bado ipo.

Sasa fikiria amri hiyo inatolewa kwa Kiingereza kwa mtoto wa Kigoma. Asipochezesha, ni kwa sababu mguu umepooza au hajaelewa? Ndiyo maana lazima awepo mtu anayesema lugha yake, na ni vizuri wafanye zoezi hilo usiku wa kuamkia upasuaji, sauti ile ile, maneno yale yale. Mara nyingi mtu huyo ni nesi wetu. Kazi hiyo inaokoa miguu na hana picha hata moja gazetini.

---

Mama wa Mbeya:

Kaka mleta uzi, samahani naingia na la kwangu. Binti yangu yuko darasa la sita. Bega la kulia liko juu, na sare ya shule inakaa upande. Bibi yake anasema ametupiwa kitu, ametaka nimpeleke kwa mtu wa kuchua na kunyoosha. Nimesoma uzi huu nikaogopa. Nianzie wapi?

Mtu wa Fizio:

Mama, usiogope, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Kwanza bibi mheshimu, lakini kwa mtu wa kunyoosha usimpeleke. Kama kuna pingili iliyoliwa na ugonjwa, kuichua kwa nguvu kunaweza kumpooza.

Leo jioni mwambie asimame miguu pamoja, ainame mbele taratibu mikono ikining'inia, wewe kaa nyuma yake. Ukiona upande mmoja wa mbavu umenyanyuka kuliko mwingine, mpeleke akapigwe eksirei ya mgongo mzima akiwa amesimama, si amelala. Mpindo mdogo huangaliwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Kama ni nyuzi 25 hadi 40 na bado anakua, huvalishwa mkanda maalumu wa kuuzuia usiongezeke. Wasichana wa umri huo hasa hurefuka haraka, kwa hiyo usipoteze muhula mzima.

Ila muulize haya pia: anaumwa mgongo usiku? Anatoka jasho, homa za jioni, amekonda? Miguu inakosa nguvu au anajikwaa? Kuna mtu nyumbani anakohoa muda mrefu? Hayo yanaelekea TB ya uti wa mgongo, na hiyo haisubiri. Dawa zake ni bure, tiba ni ndefu, miezi 9 hadi 12, na ikishikwa mapema wengi hupona bila kisu kabisa. Kibiongo cha TB tunachokiona kwa watu wazima, na kuambiwa ni laana ya ukoo, kwa kiasi kikubwa ni TB ambayo haikutibiwa utotoni.

Anzia hospitali ya rufaa ya hapo Mbeya, omba kliniki ya mifupa. Wakiona inahitajika watakupa rufaa ya MOI.

Nesi Wodi ya Mifupa:

Mama, naongeza kidogo kwa kaka hapo juu. Eksirei ukipewa filamu, usiiache hospitali. Andika tarehe kwenye bahasha, iweke bapa mahali pakavu, na piga picha kwa simu ukiisimamisha dirishani. Daktari wa mwakani hawezi kusema mpindo umeongezeka bila kuona wa mwaka huu. Kama wanakupa kwenye CD, omba nakala mbili. Na siku ya kwenda mvalishe blauzi ya vifungo mbele, atazunguka vyumba vingi na hatapenda kuvua kila mara mbele ya watu.

Mama wa Mbeya:

Ahsanteni sana. Nimemwinamisha sasa hivi. Mbavu za kulia zimenyanyuka. Usiku haumwi, homa hana, ila bibi yake huwa anakohoa tangu mwezi wa tatu.

Mtu wa Fizio:

Basi mama, mnakwenda wote watatu. Bibi akatoe makohozi apimwe TB, na useme wazi kwamba anaishi na mtoto mwenye tatizo la mgongo. Majibu ya eksirei yakitoka, niandikie faragha nyuzi ngapi, tujue tunaanzia wapi.